Tangi la Picha Lisiuzwe

Naomba nafasi katika ukurasa wetu wa Kiswahili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo kamati ya gazeti italizungumza kabla ya kufunga shule. Mwalimu mmoja aliyehama alituachia kamera mbili za filamu, tangi moja la kusafishia picha, kipimajoto, na filamu 13 za picha nyeusi na nyeupe. Wako wenzetu wanaotaka vitu hivyo vipelekwe Lilongwe vikauzwe, na fedha zitakazopatikana zinunue simu moja nzuri kwa kazi ya gazeti. Mimi nasema visiuzwe. Tena nasema filamu zilizosalia tuzisafishe sisi wenyewe, hapa hapa Dzaleka, majumbani mwetu.

Kwanza niseme kweli juu ya simu, maana wanaoitetea si wajinga. Simu hupiga picha bila gharama, na picha hiyo humfikia ndugu aliye Uvira au Canada dakika ile ile. Mimi mwenyewe naipenda. Lakini hebu kila mmoja ahesabu simu ngapi zimepita nyumbani kwao tangu wafike hapa. Kwetu zimepita nne. Moja iliibwa, moja iliingia maji, moja iliuzwa tulipopungukiwa na chakula, na hii ya nne kioo chake kimepasuka. Picha zilizokuwamo katika zile tatu zimekwenda pamoja na simu zenyewe. Watu husema, "Ziwekeni kwenye intaneti." Vema, lakini bando ni fedha, na neno la siri husahauliwa. Negativu haitaki bando wala umeme. Mtu huiinua mbele ya dirisha akaona uso.

Jirani yetu mmoja, bibi aliyekimbia Uvira vita vilipofika huko mwaka 1996, amehifadhi negativu mbili ndani ya kitabu. Picha zenyewe zilipotea njiani. Negativu zilisalia kwa sababu ni nyepesi, na hakuna mwizi azitakaye. Siku moja tulimwomba atuonyeshe. Ya kwanza ilikuwa safi kana kwamba imetoka kwa fundi jana. Tuliiweka juu ya kioo cha simu kilichowashwa kikawa cheupe, tukaipiga kwa simu ya pili, tukageuza weusi kuwa weupe, na bibi akamwona marehemu mumewe akiwa kijana, amesimama kando ya baiskeli. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema suruali ile aliishona yeye. Negativu ya pili, iliyosafishwa na fundi mwingine, ilikuwa ya mama yake. Imegeuka rangi ya chai, ina madoa kama ya kutu, na uso hauonekani tena. Hizo ni dalili za filamu isiyooshwa vizuri. Dawa ya mwisho, yaani hipo, ikibaki ndani ya filamu huila picha polepole mwaka baada ya mwaka. Maji ya dakika chache tu yangalimwokoa mama wa watu.

Kwa hiyo mimi sisemi kwamba filamu ni bora kuliko simu kwa kuwa ni filamu tu. Iliyosafishwa ovyo ni hasara tupu. Iliyosafishwa vizuri hukaa kuliko sisi. Priya Ramrakha, mpiga picha mzaliwa wa Kenya, aliuawa mwaka 1968 akiwa katika vita vya Biafra huko Nigeria. Picha na negativu zake zilikaa miaka mingi sana katika gereji mjini Nairobi mpaka jamaa yake mmoja alipozifukua, na leo zinaonekana vitabuni. Kadhalika huko Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na sehemu kubwa ya sura ya Zanzibar ya siku zile tunaijua kwa sababu mafundi wa namna yake walisafisha, wakaosha, wakatunza.

Na sisi je? Dzaleka ilianza kupokea wakimbizi mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza la watu wa siasa. Palikusudiwa watu 10,000 au 12,000. Sasa tumepita 50,000. Watu hufika, hukaa, huondoka kwenda nchi za mbali, na wengine huzikwa hapa. Wageni hutupiga picha, tena nzuri, hasa wakati wa Tamasha la Tumaini lililoanza mwaka 2014. Walakini mgeni hupiga ngoma na umati, kisha huondoka na picha zake. Mzee aliyeketi mlangoni pake hapigwi na mtu. Filamu tulizobakiwa nazo ni 11, na kila moja ina nafasi 36. Hizo ni picha 396. Mwenzangu mmoja alicheka darasani akasema simu hupiga 396 alasiri moja. Ndiyo, na hiyo ndiyo sababu hakuna anayeziangalia mara ya pili. Mwenye picha 396 tu hufikiri kabla ya kubonyeza.

Wengine watasema: Basi pigeni, lakini filamu wapelekewe mafundi wa Lilongwe. Jambo hilo limekwisha jaribiwa. Hipo ilipotuishia, filamu ya kwanza katika zile 13 ilipelekwa mjini na mtu mwenye kibali, maana mkimbizi haendi mjini apendavyo, hasa tangu ile amri ya mwaka 2023 iliyowataka waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Lilongwe ni kilometa 45 hivi tu, lakini njia ya kibali ni ndefu kuliko hiyo. Studio moja, ambayo sitaitaja, iliipokea. Baada ya wiki tatu ikarudi tupu, nyeupe kama kioo cha dirisha toka mwanzo hata mwisho. Tukaambiwa kwamba kamera yetu ni mbovu. Lakini tazameni: ukingoni mwa kila filamu mna herufi na namba zinazotiwa kiwandani, na hizo hazitegemei kamera. Katika filamu yetu hata namba hazikuwako. Filamu ilipitishwa katika dawa za picha za rangi. Katika dawa hizo madini ya fedha yanayofanya picha huondolewa yote, ikabaki rangi peke yake. Filamu ya nyeusi na nyeupe haina rangi ya kubaki. Picha 36 za watu waliokuwa wakijiandaa kuondoka zilipotea namna hiyo, na watu wenyewe wamekwisha ondoka.

Filamu ya pili tuliisafisha wenyewe, nayo ilitoka vizuri, picha 34 katika 36. Kwa hiyo nataka nieleze jinsi kazi hii ilivyo, ili wanakamati wasidhani kwamba yataka chumba maalumu, umeme na bomba la maji.

Giza lahitajika kwa muda mfupi tu, wakati wa kuvingirisha filamu katika kigurudumu na kukifungia ndani ya tangi. Sisi hungoja usiku, tukaziba dirisha, tukaingiza mikono chini ya mablanketi mawili. Yafaa kukaa kwanza dakika tano gizani bila kufanya kitu. Ukianza kuuona mkono wako, nuru inaingia mahali, tafuta tundu. Kigurudumu sharti kiwe kikavu kabisa, na mikono isiwe na jasho, la sivyo filamu hunata katikati ya njia. Anayeisukuma kwa hasira huikunja, na kila kunjo huacha alama kama mwezi mchanga. Ni vizuri kujizoeza mchana kwa filamu iliyoharibika mpaka vidole vijue vyenyewe. Tangi likisha fungwa, waweza kutoka nje ukaendelea na kazi barazani, kwa kuwa kifuniko chake hupitisha maji wala hakipitishi mwanga.

Adui mkubwa hapa kwetu ni joto la maji. Kipimo cha kawaida vitabuni ni digrii 20. Mwezi wa Oktoba maji ya dumu lililosimama juani hupita digrii 30, na mwezi wa Juni asubuhi maji huuma vidole. Tofauti hiyo si ndogo. Kampuni ya Ilford, ambayo hutengeneza filamu na dawa, hutoa mfano huu: filamu inayotaka dakika 6 kwa digrii 20, hutaka dakika 4 na nusu kwa digrii 23, na dakika 9 kwa digrii 16. Asiyepima hubahatisha, na mara nyingi hapa kwetu hutoa filamu nyeusi tititi. Njia yetu ni mtungi wa udongo. Maji yaliyolala mtungini hupoa yenyewe kwa sababu mtungi hutoa jasho. Chupa za dawa hutiwa katika beseni la maji hayo, mtu akangoja akapima, akangoja tena. Na si dawa ya kwanza tu. Maji ya kuoshea nayo yawe na joto lile lile, au karibu yake. Filamu ikitoka katika digrii 20 ikaingia ghafula katika digrii 30, utando wake waweza kupasuka vipande vipande kama tope la dambo lililokauka, na ukisha pasuka hauponi.

Ukisha mimina dawa, ligonge tangi mezani mara mbili tatu ili mapovu yatoke. Povu likishikamana na filamu, dawa haipiti hapo, ikabaki duara tupu. Nimeona duara la namna hiyo limekaa juu ya jicho la mtu. Halafu pindua tangi polepole, mara tatu hivi kila dakika. Wako wanaolitikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi, na hao hupata michirizi kwenye matundu ya ukingoni.

Sasa juu ya dawa zenyewe. Ya kwanza, ile inayotokeza picha, twaweza kuitengeneza kwa kahawa. Najua wengi watacheka, lakini jambo hili lilijaribiwa mwaka 1995 na Dakta Scott Williams pamoja na wanafunzi wake katika chuo cha Rochester huko Marekani, na tangu hapo limeenea duniani. Kwa nusu lita ya maji hutiwa gramu 27 za soda ya kufulia, gramu 8 za vitamini C, na gramu 20 za kahawa ya unga inayoyeyuka, kwa taratibu hiyo hiyo, kila kitu kikiyeyuka kabisa kabla ya kingine kutiwa. Filamu hukaa humo dakika 15 kwa digrii 20. Si kafeini inayofanya kazi, bali asidi nyingine iliyomo katika kahawa, na kwa bahati njema kahawa ya bei rahisi hufanya kazi vizuri. Isiwe ile iliyochanganywa na chikori. Vitamini iwe unga mtupu. Vidonge vitamu vya watoto vina sukari na rangi. Soda ya kufulia ikikosekana, chukua bikaboneti, ile wanayotia mama zetu katika mandazi, uikaange katika sufuria kavu juu ya moto mkali mpaka iache kutokota na kutoa mvuke. Gramu 86 za bikaboneti hutoa gramu 54 za soda. Dawa hii hunuka vibaya, nayo haiwekwi. Hutumika siku ile ile ikamwagwa.

Hipo ndiyo isiyo na badala yake jikoni. Lakini wanafunzi wa kemia wanaijua kwa jina jingine. Ni thiosulfeti ya sodiamu, ile tunayoichanganya na asidi katika jaribio la kuangalia msalaba uliochorwa karatasini ukipotea. Kwa hiyo hupatikana kwa wauzao vifaa vya maabara. Gramu 250 katika lita moja zatosha. Na jaribio lile lafundisha jambo moja zaidi: hipo hii ya kawaida ikikutana na asidi hugeuka maziwa. Basi wanaopenda kutumia siki katikati ya dawa hizi mbili waache. Maji safi, mara mbili, yatosha kuondoa kahawa.

Filamu ikae katika hipo muda gani? Hapa watu huotea, wakapata filamu yenye utando mweupe kama wali uliomwagikiwa maziwa. Kabla ya kuanza, kata kipande kidogo cha ncha ya filamu, kitie katika hipo kwenye nuru, uhesabu dakika mpaka kiwe kioo. Zidisha mara mbili. Ikiwa ni dakika 4, basi filamu ikae 8. Kipande kikichukua muda mara mbili ya ule wa hipo ilipokuwa mpya, hipo hiyo imechoka. Na filamu iliyotoka na ule utando mweupe isitupwe. Irudishwe katika hipo mpya, mara nyingi hupona.

Kisha kuosha, na hapa najua swali la wanakamati, kwa kuwa wao pia hupanga madumu yao kwenye foleni ya kisima kama sisi. Vitabu vya zamani husema filamu ioshwe chini ya bomba linalotiririka nusu saa. Nani ana maji hayo hapa? Iko njia nyingine, nayo ni ya Ilford tena. Jaza tangi, lipindue mara 5, mwaga. Jaza, pindua mara 10, mwaga. Jaza, pindua mara 20, mwaga. Kwa tangi letu ni lita moja tu ya maji, na filamu imeoshwa sawasawa. Mimi huongeza mara moja zaidi kwa ajili ya ile negativu ya bibi. Hakuna kitabu kinachonilazimisha. Maji ya mwisho kabisa yawe ya mvua, au yaliyochemshwa yakachujwa kwa kitambaa safi, na tone moja la sabuni ya vyombo, kwani maji ya kisima yakikaukia juu ya filamu huacha madoa ya chokaa.

Juu ya vumbi sitasema mengi. Kila aliyekaa hapa mwezi wa Septemba analijua. Nyunyiza maji sakafuni, funga mlango, tundika filamu kwa kibanio cha nguo juu na kingine chini kiivute, na mtu yeyote asiingie mpaka ikauke. Usiipanguse kwa kidole wala kwa kitambaa. Chembe moja ya mchanga huchora mstari toka picha ya kwanza hata ya mwisho.

Filamu ikitoka mbaya, namba za ukingoni hueleza mengi kuliko fundi. Namba zikiwa nyeusi wazi na picha hamna, filamu haikupita katika kamera. Namba hazipo kabisa, dawa ya kwanza ilikuwa imekufa, au hipo ilitangulia. Kila kitu cheusi, pamoja na ukingo, mwanga uliingia.

Kuna hoja moja ya wapinzani ambayo naikubali, nayo ni ya hatari. Nyumba zetu ni ndogo, na watoto ni wengi. Hipo iliyotiwa katika chupa ya Fanta haina rangi wala haina alama, na kahawa yenye soda inafanana na chai ya mtu. Kwa sababu hiyo dawa zisiwekwe kamwe katika chupa za vinywaji. Ziwekwe katika madumu yaliyoandikwa kwa Kiswahili na kwa Kichewa, ndani ya sanduku lenye kufuli, na ufunguo ukae shuleni. Hipo iliyotumika ina madini ya fedha ndani yake. Isimwagwe karibu na kisima wala bustani ya mboga, bali ikusanywe katika dumu lake. Kamati ikitaka kuandika sharti hili kwa wino mwekundu, nitakuwa wa kwanza kutia sahihi.

Picha za karatasi bado zitachapwa Lilongwe, wala sioni aibu. Negativu hubaki hapa. Simu huipiga, hugeuza, na picha hiyo ndiyo ipelekwayo mjini. Studio ikiipoteza, imepoteza nakala tu. Kwa hiyo wanaotaka simu hawakukosea kabisa. Ila simu za kuazima kwa kazi hiyo tunazo tayari, na tangi ni moja.

Basi naiomba kamati iache vitu vilivyo, na katika fedha za gazeti itoe za kununua kilo moja ya thiosulfeti, kopo moja la kahawa, na unga wa vitamini C. Kilo moja hutoa lita 4 za hipo, nayo yatosha filamu zote 11 na kubaki. Orodha ya watu wa kupigwa imekwisha anza. Wazee waliopita miaka 70 ni wa kwanza, kisha familia zilizopewa tarehe ya safari. Ya kwanza katika hizo inaondoka tarehe 9 mwezi ujao.